Koti la malaika kwa mwindaji wa nchi ya baridi

Kila mwaka, mwezi wa sita na wa saba, asubuhi za Lubumbashi zinapoanza kuuma, wanamoto wetu hutoa makoti mazito yaliyovimba kama mito ya kulalia. Makoti hayo yametoka Ulaya, Amerika na Asia ndani ya marobota ya mitumba, na katika soko la Kenya yanauzwa bila mtu kuuliza ndani yake kuna nini. Mimi pia sikuwahi kuuliza. Nilianza kuuliza nikiwa mbali, huko Québec nchini Kanada, nilikokaa miezi saba kwa masomo nyumbani kwa mjomba wangu, ndugu ya mama. Niliuliza kwa sababu koti la aina hiyo, tena la bei kubwa, nusura limpoteze mjomba porini. Katika makala haya nakusudia kueleza namna koti hilo linavyofanya kazi, na namna mtu anayekwenda kuwinda kwenye baridi anavyopaswa kulichagua. Mfano wangu ni uwindaji wa kulungu wa Québec, kwa kuwa ndio nilioushuhudia. Lakini wenzetu wanaosubiri viza za masomo, na wale wenye ndugu kule, wasiseme kwamba haliwahusu.

Kwanza tukubaliane juu ya neno. Ndege ana manyoya ya aina mbili. Yale ya nje yana ugongo mgumu katikati. Ndiyo yanayomwezesha kuruka na kuzuia maji yasimfikie ngozi. Chini yake, hasa kifuani, kuna vishungi vidogo visivyo na ugongo wowote: nyuzi nyembamba mno zinazotoka kwenye kitovu kimoja na kutawanyika pande zote. Kifaransa kina jina la pekee kwa vishungi hivyo. Wafasiri wetu wengi huandika “manyoya” tu, na hapo ndipo mnunuzi anapopotea, kwa sababu koti lililojazwa manyoya ya nje na koti lililojazwa vishungi ni vitu viwili tofauti kwa joto na kwa bei. Kiswahili kinalo neno malaika kwa maana ya vinyweleo laini vya mwilini, kama vile vinavyoonekana kwenye mkono wa mtoto mchanga. Nimelichukua hilo. Mjomba alicheka niliposema “malaika ya bata”, akaniuliza kama bata nao wana wa kuwalinda. Nikamjibu kwa sarufi: malaika wa mbinguni wanatulinda, malaika ya bata yanatupasha joto. Upatanisho wenyewe unatosha kuwatenganisha.

Sasa kisa. Mjomba aliwinda tangu ujana wake, upande wa Mitwaba, kwa miguu na kwa subira. Alipohamia Kanada alifuata mafunzo ya usalama wa silaha yanayotakiwa na sheria, akapata cheti cha mwindaji, na jirani yake, mzee aliyezaliwa kule, akamwalika kwenye msimu wa kulungu, mwezi wa kumi na moja. Kwa kujitayarisha alinunua koti jeusi la malaika katika duka moja la mjini. Muuzaji alimwonyesha namba 800 iliyoshonwa kwenye mkono, akamhakikishia kwamba hakuna baridi itakayopenya hapo.

Asubuhi ile baridi yenyewe haikuwa ya kutisha. Kipimajoto cha kambini kilionyesha nyuzi 2 juu ya sifuri, na mvua nyepesi ilikuwa inanyesha, ikichanganyika na theluji. Mjomba alitoka saa kumi na moja na nusu alfajiri, koti limefungwa mpaka shingoni, bunduki begani na mfuko mgongoni, akapanda kilima kwa dakika 40. Alifika akitoka jasho. Akapanda kwenye ulingo, yaani kichanja cha mbao kilichojengwa mtini, kama zile lingo ambazo babu zetu walikaa kulinda mashamba dhidi ya ndege na nyani, akaketi kimya. Mvua iliendelea.

Saa tatu jirani alikwenda kumwangalia, akarudi naye amemshika kwapani. Mimi nilikuwa kambini, kwenye nyumba ndogo ya mbao yenye jiko la kuni, nikikaanga vitunguu. Mjomba aliingia anayumba kama mtu aliyelewa. Alijaribu kufungua zipu, vidole vikakataa. Halafu akaniambia jambo, nusu Kiswahili, nusu Kifaransa, na maneno mawili matatu ya Kiluba, bila mpangilio, ulimi ukiburuta. Nilicheka. Nilidhani ananitania, maana kazi yangu ya mwaka ule ilihusu uchanganyaji wa lugha, na mara nyingi mezani alikuwa akinitungia sentensi za ajabu ili niziandike kwenye daftari. Jirani hakucheka. Alikuwa amekwisha kumvua viatu.

Mwili wa mtu ukishuka chini ya nyuzi 35, kutetemeka kunakuwa kwa nguvu, vidole vinapoteza ustadi, ulimi unakuwa mzito na akili inaanza kuchanganya mambo. Mgonjwa mwenyewe hajui; mara nyingi atakuambia yuko sawa. Hatari inazidi pale kutetemeka kunapokoma bila mwili kupata joto. Jirani alipiga simu ya dharura na kufuata alichoelekezwa: nguo zote mbichi zitolewe, blanketi kavu lifunike kifua na kichwa, chai ya vuguvugu yenye sukari nyingi kwa sababu alikuwa bado anaweza kumeza, na pombe hapana, hata tone. Baada ya saa moja hivi mjomba alianza kusema sentensi zinazoeleweka. Ya kwanza ilikuwa kuuliza vitunguu vyangu vimeungua kwa nini.

Koti lilikuwa linaning'inia karibu na jiko likidondosha maji. Nilipolishika lilikuwa jembamba kama shati. Malaika yote yalikuwa yameshikana mabonge, yamelala chini ya kila kijumba cha kitambaa, kama manyoya ya kuku aliyetumbukizwa kwenye maji ya moto. Namba 800 ilikuwa bado inang'aa mkononi.

Hapa ndipo maelezo yanapoanzia. Koti halitengenezi joto. Joto linatoka kwa mwili, kwa chakula ulichokula. Kazi ya koti ni kulizuia lisitoroke, na kinacholizuia si malaika yenyewe bali hewa iliyotulia katikati ya malaika. Hewa isiyotembea hupitisha joto kwa shida sana. Vile vishungi, kwa kuwa nyuzi zake zinaelekea pande zote na zinasukumana, hushika hewa nyingi kwa uzito mdogo kuliko karibu kila kitu ambacho mwanadamu amejaribu kukitia ndani ya nguo. Mama zetu wanajua unga wa mandazi unavyoumuka: unga ni ule ule, kilichoongezeka ni hewa. Malaika nayo yanaumuka. Ukiyabana, hewa inatoka na joto linaifuata. Yakilowa, nyuzi zinashikana, kuumuka kunakwisha, na nafasi ya hewa inachukuliwa na maji, ambayo hupitisha joto zaidi ya mara 20 kuliko hewa. Mtu aliyevaa koti la malaika lililolowa amejifunga kitambaa cha maji kifuani.

Ndiyo maana nyuzi 2 zenye mvua zilikuwa mbaya kwa mjomba kuliko nyuzi 15 chini ya sifuri zenye theluji kavu. Watu wetu wanapofika kule huogopa namba za chini, na wana haki ya kuziogopa, lakini kwa mvaa malaika adui wa kwanza ni unyevu. Tena unyevu wenyewe una milango miwili. Mvua iliingia kwa nje. Jasho la kupanda kilima lilikuwa limekwisha kuingia kwa ndani kabla mvua haijamaliza kazi yake, na jasho hilo alilitengeneza mwenyewe kwa kutembea dakika 40 na koti lililofungwa mpaka shingoni.

Historia ya koti hili ina kejeli yake. Mwaka 1922 George Finch, mtaalamu wa kemia aliyezaliwa Australia, alikwenda kwenye mlima Everest na koti alilolibuni mwenyewe, lililojazwa malaika na kufunikwa kwa kitambaa cha kutengenezea baluni. Wenzake, waliovaa sufu na tweed za kiungwana, walimwona kituko, mpaka walipopanda juu na baridi ikaanza kuwahukumu wote. Baadaye huko Seattle, Eddie Bauer, muuza vifaa vya michezo, alikwenda kuvua samaki wakati wa baridi. Nguo zake nzito za sufu zikalowa, zikaganda, naye akakaribia kufa. Kutokana na mkasa huo alitengeneza koti lenye malaika yaliyotengwa kwa mishono, akapata hataza yake mwaka 1940. Yaani koti la malaika la kisasa lilizaliwa kwa mtu aliyelowa. Nadhani ndiyo sababu wauzaji wengi wanaamini, au wanapenda tuamini, kwamba ni dawa ya kila baridi.

Turudi kwenye namba ya mkononi. Namba hiyo, 550, 700, 800, ni kipimo cha kuumuka. Wapimaji huchukua aunsi moja ya malaika, karibu gramu 28, na kuangalia inajaza inchi za ujazo ngapi. Kwa vipimo vyetu, aunsi moja ya malaika ya 700 inajaza karibu lita 11 na nusu, zaidi ya nusu ya bidoni la njano la lita 20, na yote hayo kwa uzito wa vijiko viwili vitatu vya sukari. Ni ajabu kweli. Lakini namba inasema ubora wa malaika, haisemi ndani ya koti yamo mangapi. Hilo ndilo ambalo muuzaji hakulisema, na mjomba hakulijua.

Tuchukue makoti mawili. La kwanza lina malaika ya 800, gramu 100. La pili lina malaika ya 600, gramu 170. Ukipiga hesabu, la kwanza linashika karibu lita 46 za hewa, la pili karibu lita 59. Koti lenye namba ndogo ndilo lenye joto zaidi. Zaidi yake ni kwamba ni zito kidogo, na kwa kawaida ni rahisi kwa bei. Anayepanda milima mikubwa, ambaye kila gramu inamchosha, atalipia 800. Mwindaji anayekaa kwenye ulingo saa nne hana haja ya kulipia wepesi huo. Kwa hiyo uliza namba mbili, siyo moja: kuumuka na uzito wa malaika. Duka lisilojua uzito, angalau soma lebo ya ndani inayotaja mgawanyo. “90/10” maana yake sehemu 90 ni malaika na 10 ni manyoya ya kawaida. Ikiteremka mpaka nusu kwa nusu, unanunua mto.

Angalia pia mishono. Katika makoti mepesi, kitambaa cha nje na cha ndani vimeshonwa pamoja moja kwa moja, na pale palipo mshono hapana malaika kabisa. Baridi inapita hapo kama upepo kwenye ufa wa dirisha. Koti kama hilo linafaa kuvaliwa ndani ya lingine. Makoti mazito yana kuta ndogo za kitambaa kati ya nje na ndani, hivyo malaika hayakatiki. Na ukubwa: chukua koti ambalo ukivaa juu ya nguo zako zote bado unaweza kukumbatia mtu bila kubanwa mgongoni. Vijana wenzangu tunapenda koti lishike mwili. Koti likishika mwili, mwili umelibana koti.

Mpaka hapa nimesema mambo yanayomfaa hata mwanafunzi anayesubiri basi. Mwindaji ana masharti yake.

La kwanza ni sauti. Kitambaa cha nje cha makoti mengi ya malaika ni nailoni nyembamba iliyobanwa sana ili vishungi visitoke. Ukinyanyua mkono inachakarika. Mjini husikii; msituni, asubuhi isiyo na upepo, kulungu anasikia kabla hujamwona. Yapo makoti ya uwindaji yenye malaika ndani na kitambaa laini cha aina ya polari kwa nje, ambacho hakichakariki na hakichaniki kwa urahisi kwenye miiba. Kama huwezi kulipata, vaa malaika ndani na koti la sufu au la polari juu yake, lenye upana wa kutosha. Njia ya kulipima ni rahisi: dukani, weka mkono karibu na sikio, sugua kitambaa kwa kitambaa. Na usikae nalo karibu na moto wa kuni. Cheche moja inatoboa nailoni, na utaona malaika yako yakipaa kweli.

La pili ni bega, na hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu watu hulisahau mpaka siku ya kupiga. Kitako cha bunduki kinatakiwa kukaa kwenye lile bonde lililo kati ya mtulinga na kiungo cha mkono, pale pale kila mara. Mtu hujizoeza wakati wa joto, akiwa na shati. Mwezi wa kumi na moja anavaa koti lililovimba. Sasa kitako kinanaswa kwapani wakati wa kunyanyua, au kinateleza kwenye nailoni, au kinasukumwa mbele na unene wa koti, na jicho linakuwa mbali na darubini kuliko lilivyozoea. Ndani ya darubini unaona duara dogo lenye giza pembeni. Kulungu hangoji urekebishe. Mbaya zaidi kuliko kumkosa ni kumjeruhi, naye akakimbia akafie mbali. Mjomba anasema mwindaji wa namna hiyo kwao hakupewa nyama.

Dawa ni kujaribu kabla. Nyumbani, bunduki ikiwa tupu, na kuwa tupu kwake kumehakikishwa mara mbili, vaa nguo zote za siku ya uwindaji, fumba macho, nyanyua bunduki begani, fumbua. Kama unaona duara zima la darubini, koti linafaa. Rudia mara kumi. Nilimshauri mjomba afanye jaribio hilo dukani kwa mpini wa ufagio, ili tusipoteze safari. Alinitazama, akasema: “Mpwa wangu, mtu kama mimi hanyooshi kitu dukani.” Tukanunua kwa sharti la kurudisha, tukajaribia nyumbani. Koti la kwanza tulilirudisha.

Kwa wengi jibu ni kizibao. Kizibao cha malaika, kisicho na mikono, kinalinda kifua na mgongo, mahali ambapo joto la mwili linahitajika zaidi, na kinaacha mikono huru na bega bila kifungu kikubwa cha kitambaa. Wawindaji wa bata bukini kwenye kingo za mto Saint-Laurent, ambao hunyanyua bunduki haraka kufuata ndege anayepita, hawawezi kufanya kazi na mikono ya koti iliyovimba. Wapiga upinde ndio kabisa: uzi wa upinde ukigusa mkono wa koti, mshale umekwenda kwingine.

La tatu ni rangi. Sheria ya Québec inamtaka anayewinda kulungu kwa bunduki avae kitambaa cha rangi ya machungwa inayong'aa, angalau sentimita mraba 2,580, kikiwa mgongoni, mabegani na kifuani, na kionekane kutoka kila upande. Kulungu haioni rangi hiyo kama tunavyoiona sisi. Wawindaji wenzako ndio wanaoiona. Kosa linalotokea ni hili: mtu anatembea na fulana ya machungwa kama inavyotakiwa, anafika, baridi inamshika, anatoa koti kubwa mfukoni na kulivaa juu ya kila kitu. Fulana imefunikwa. Sasa katikati ya miti kuna umbo kubwa la kahawia linalotikisika kidogo kidogo, na kilimani pengine kuna mtu mwenye bunduki. Nunua fulana pana inayoingia juu ya koti lako nene kuliko yote, na kila unapovaa koti, fulana inahamia juu. Kuhusu hili jirani hakuwa na mzaha. Aliifunga fulana ya mjomba kwenye mkanda wa lile koti jipya kwa kamba, ili moja isitoke bila nyingine.

Yaliyobaki nayapitia haraka. Malaika ya kukalia hayana faida, kwa kuwa uzito wako unayabana. Mwindaji hukalia kipande cha sponji ngumu. Mikanda ya mfuko nayo hubana mabega ya koti. Ngozini vaa sufu nyembamba au polista, kamwe usivae pamba, na suruali ya jinzi iache nyumbani, maana pamba ikilowa jasho inakaa mbichi siku nzima. Upepo wa kilomita 30 kwa saa katika nyuzi 10 chini ya sifuri huifanya ngozi isikie kama nyuzi 20 chini, hivyo kitambaa cha nje kizuie upepo. Malaika yaliyotiwa dawa ya kukataa maji yapo sokoni. Yanasaidia kwenye ukungu na theluji kavu, hayafui dafu mbele ya mvua ya saa tatu. Siku za mvua chukua koti lililojazwa nyuzi za kiwandani. Ni zito zaidi kwa joto lile lile, na baada ya miaka michache linachoka, lakini likilowa linabakiza sehemu ya hewa yake. Kama fedha yako inatosha koti moja tu, na unawinda sehemu yenye mvua, nunua hilo, usione haya.

Malaika mengi yanayouzwa duniani ni ya bata na bata bukini wanaofugwa kwa ajili ya nyama, China ikiongoza. Kuna wanaonyonyoa ndege akiwa hai, na tangu 2014 upo utaratibu wa vyeti uitwao Responsible Down Standard unaokataza jambo hilo. Nembo yake hushonwa kwenye koti. Kwenye visiwa vya Saint-Laurent huokotwa malaika ya aina nyingine kabisa, ya bata wa baharini aitwaye eider, ambaye hujinyonyoa mwenyewe kutandika kiota. Kilo moja huhitaji viota zaidi ya 50. Bei yake mwanafunzi asiulize.

Kufua: sabuni ya kawaida ya unga huondoa mafuta ya asili ya malaika, kwa hiyo tumia sabuni ya maji isiyo kali, suuza mara nyingi, kausha polepole katika mashine pamoja na mipira miwili ya tenisi ili mabonge yavunjike. Litunze limetundikwa, siyo limebanwa ndani ya mfuko mwaka mzima.

Kwa anayenunua katika soko la Kenya kabla ya safari, jambo linawezekana, nimeliona kwa macho yangu tangu nirudi. Minya kifua cha koti ngumi nzima, achia, hesabu mpaka kumi. Malaika hai yanarudi juu. Pitisha vidole kwenye kila kijumba: ukisikia vijiti vingi ni manyoya, ukisikia vibonge vigumu liliwahi kulowa na kukaushwa vibaya. Linyanyue kwenye jua. Palipo wazi ni pa baridi. Harufu ya uvundo haitoki, muuzaji akuambie asivyokuambia. Nilipata moja zuri kwa bei ya sahani mbili za chakula, na mwenye meza alifurahi kuondokana nalo kwa sababu lilikuwa la rangi ya waridi.

Mjomba alirudi porini Jumamosi ya pili. Ngozini alivaa sufu, juu yake kizibao cha malaika ya 650, kisha koti jepesi la kuzuia upepo. Koti kubwa alilibeba mgongoni ndani ya mfuko usiopitisha maji. Alipanda kilima polepole, vifungo wazi, akafika, akangoja dakika kumi jasho likauke, ndipo akalivaa koti, na fulana ya machungwa juu. Theluji ilikuwa kavu, nyuzi 9 chini ya sifuri. Tulikuwa tumekubaliana kwamba kila saa atanipigia simu na kunitajia kwa sauti ya chini majina ya ndugu zake saba, tangu wa kwanza mpaka kitinda mimba, pamoja na mahali kila mmoja alikozaliwa, nami nisikilize ulimi wake. Saa mbili aliyataja yote. Saa tatu aliyataja yote. Saa nne aliyataja yote, akaongeza kwamba kulungu bado hajamwona hata mmoja, na kwamba akirudi anataka bukari, siyo vitunguu.